Kipanga Ubavuni mwa Pikipiki: Wiki Moja Mtwara, Lindi, Nachingwea na Newala

Ijumaa usiku, nafunga mizigo

Kazi yangu ni kutengeneza majokofu hapa Mtwara mjini, na jokofu halijui sikukuu. Samaki wa mtu wakianza kulainika kule Ferry, simu italia hata saa nane ya usiku. Ndiyo maana kila Agosti najiibia wiki moja, nazima simu ya kazi, nabaki na ile ndogo ya tochi. Mwezi huo upepo wa kusi umeshakolea, njia za vumbi zimekauka, mikorosho inatoa maua, na mimi naachiwa nihangaike na maradhi yangu mawili: pikipiki, na kitu chochote kinachopaa.

Ndege ya abiria nimepanda mara tatu tu, zote kati ya Mtwara na Dar es Salaam. Mengine yote ninayoyajua kuhusu ndege nimeyapata nikiwa chini, shingo imepinda. Mwaka huu nikasema nivizungukie viwanja vya huku kwetu kusini kwa pikipiki: Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea. Halafu nimalizie Newala, kwenye ukingo wa uwanda, nimrushe Kipanga.

Kipanga ni ndege niliyemuunda mwenyewe. Hana injini wala rimoti. Mwili na mabawa ni lile povu jeupe la maboksi ya samaki, nimelikata kwa waya wa moto. Bawa hadi bawa ni mita moja na nusu. Uti wa mabawa ni ufito wa mwanzi, na mkia nimeukaza kwa chelewa za mnazi. Gundi ni ile nyeupe ya mafundi seremala, kwa sababu gundi ya viatu ikigusa povu inalila kama chumvi inavyomla konokono. Somo hilo lilinigharimu bawa zima. Puani nimemtia chubwi mbili za mshipi, ili ukimbeba kwa vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, atulie bila kuinama wala kuchuchumaa. Chubwi zikipungua pua inanyanyuka, anasita hewani, anaanguka. Zikizidi anapiga mbizi. Mkia nimeupinda kidogo, kidogo mno, ili akiachiwa azunguke duara badala ya kwenda moja kwa moja hadi Msumbiji. Chini ya bawa la kushoto nimeandika namba yangu ya simu kwa wino mzito.

Binamu yangu, dereva wa bodaboda na ndiye mwenzangu wa safari, alimtazama akiwa amelazwa juu ya kitanda changu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kipanga gani huyu, binamu? Huyu hata kifaranga hamkimbii."

Nikamezea. Mabawa yanachomoka, kwa hiyo nimeyaviringisha ndani ya mkeka na kuyafunga ubavuni mwa pikipiki kwa mipira ya tyubu. Pikipiki yenyewe naiita Mwali. Nilipoinunua ilikaa ndani miezi mitatu ikisubiri kipuri, na siku ilipotoka mtaa mzima ulijipanga kuitazama, kasoro vigelegele tu.

Jumamosi: Mtwara hadi Lindi

Siwezi kuondoka mjini bila kuisubiri ndege ya Dar. Tulisimama nje ya uzio wa uwanja, mahali ambapo hatumkeri mlinzi na mlinzi hatukeri sisi, binamu akitafuna korosho kama yuko sinema.

Iliyokuja ilikuwa ya panga boi, Q400 ya Air Tanzania, ile yenye mabawa juu ya mwili na magurudumu yanayoshuka kutoka tumboni mwa injini kama miguu ya korongo. Inachukua abiria 76. Wengi wanaidharau kwa sababu ya panga boi, wanasema ni ndege za zamani. Sio kweli. Kwa safari fupi kama ya kwetu, panga boi linakula mafuta kidogo kuliko injini ya ndege kubwa, na linang'ata hewa mapema, kwa hiyo haihitaji kukimbia mbali ili iondoke. Kila upande mapanga sita. Ukisikiliza vizuri wakati inagusa chini, mlio unabadilika ghafla na kuwa mzito: rubani ameyageuza mapanga yasukume hewa mbele badala ya nyuma, ndiyo breki yenyewe hiyo. Binamu alikuwa hajui. Akaacha kutafuna.

Njia ya kurukia ya Mtwara ilikuwa mita 2,258, ikarefushwa hadi 2,800, na upana ukatoka mita 30 kuwa 45. Niliifuatilia kazi ile kuliko wengine wanavyofuatilia ligi. Kila Jumapili nilikuwa nakuja kuona greda limefika wapi.

Tukatia mafuta, tukashika lami. Mikindani wageni husimama kupiga picha ya Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na kusoma kwamba Livingstone aliianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mimi Mikindani napenda kona. Barabara inaizunguka ghuba, minazi huku, maji kule, na pikipiki inalala kushoto, inainuka, inalala kulia. Hapo ndipo huwa nawaambia watu kwamba pikipiki na ndege ni ndugu wa tumbo moja. Ndege hulaza bawa ndipo igeuke. Pikipiki hulala ndipo igeuke. Gari peke yake ndilo linapinda kona limesimama wima, kama mtu aliyemeza mwiko.

Mnazi Mmoja tulikunywa chai na chapati, tukaiacha njia ya Masasi kwa ajili ya keshokutwa, tukakata kulia. Lindi tuliingia alasiri.

Jioni nilimpeleka binamu ufukweni, nikamwonyesha maji. Ghuba ya Lindi, pale mto Lukuledi unapomalizikia, imetulia kama sinia. Ng'ambo ni Kitunda, na mashua zilikuwa zinavuka na watu na baiskeli.

"Hapa," nikamwambia, "ndipo palipokuwa uwanja wa ndege."

"Wapi?"

"Hapo hapo kwenye maji."

Akadhani namtania. Lakini kuanzia mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilikuwa na ndege za kutua majini, kubwa, injini nne, tumbo kama la jahazi, zikitoka Southampton hadi Durban. Zilishuka Mombasa, Dar es Salaam, kisha Lindi, halafu Msumbiji. Enzi zile viwanja vya lami vilikuwa vichache, ila maji tulivu yako kila mahali pwani, na hayahitaji greda. Unachotaka ni nafasi ndefu isiyo na mawimbi, na hiyo Lindi inayo. Nikamwomba binamu afikirie tu: mvuvi wa Kitunda yuko kwenye mtumbwi wake, anasikia ngurumo, anageuka, anaona jahazi linashuka kutoka mawinguni likiwa na watu ndani wanakunywa chai.

Binamu akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama mvuvi alilipwa fidia ya nyavu.

Jumapili: Lindi

Asubuhi tuliwakuta watoto ufukweni wanarusha tiara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019, tiara zimerudi kuwa za karatasi: kurasa za daftari, karatasi ya mfuko wa saruji, vijiti vya chelewa, mkia wa utepe wa kanga kuukuu. Kwa maoni yangu ni nzuri zaidi kuliko zile za plastiki. Zinalia.

Mtoto mmoja wa kike, miaka kama tisa, tiara yake ilikuwa inapanda hatua kumi na kujibwaga mchangani. Wenzake wanamcheka. Nikaomba niione. Kosa lilikuwa kifuani, zile nyuzi mbili zinazokutana na uzi mkubwa: fundo limekaa chini mno, kwa hiyo tiara inasimama kifua wazi mbele ya upepo badala ya kuinama. Nikalipandisha kwa upana wa vidole viwili. Nikaongeza mkia kwa kitambaa changu cha kufutia oili. Ilipanda, ikapanda, mpaka uzi ukaisha na yeye akaanza kukimbia nyuma ya uzi. Wale waliokuwa wanacheka wakaja mbio na za kwao.

Nilikaa pale mpaka saa sita. Tulikuwa tumepanga saa tatu tuwe Kikwetu.

Kikwetu ndiko kwenye uwanja wa ndege wa Lindi, kaskazini mwa mji, njia ya kwenda Kilwa, upande wa mashamba ya mkonge. Siku hiyo hakukuwa na ndege. Palikuwa na upepo, ukimya, na soksi ya upepo iliyonyooka kama mkono wa trafiki. Kwangu inatosha. Uwanja mtupu ni kama msikiti mchana kati ya sala na sala, unashusha sauti bila kuambiwa. Binamu hakukubaliana. Alilala chini ya mkorosho, kofia usoni.

Tukiwa tunarudi, tairi la nyuma la Mwali likaanza kuyumba. Pancha. Msumari wa kiatu, mdogo kama kucha. Nina pampu, nina viraka, nina gundi (ile iliyokula bawa la Kipanga, leo imejisafishia jina), na bado ilituchukua saa nzima, maana nililibana tyubu kwa pasi, kile chuma cha kubandulia tairi, wakati wa kulirudisha nikatoboa tundu la pili. Fundi yeyote anayekwambia hajawahi kufanya hivyo anakudanganya. Vijana wawili wa bodaboda walisimama kutupa pole, wakakaa kutazama, wakanipa ushauri unaopingana.

Usiku: pweza, ugali wa muhogo, usingizi.

Jumatatu: Lindi hadi Masasi

Mtu mmoja pale gesti alitushauri twende Tendaguru, kilima ambacho Wajerumani walikichimba kati ya mwaka 1909 na 1913, wakaondoka na mifupa ya mijusi wa kale. Mmoja amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ningependa kwenda. Lakini mjusi yule hakuwa na mabawa, na wiki yangu ni moja.

Kwa hiyo Mnazi Mmoja tena, kisha tukaifuata njia ya Masasi inayopanda na bonde la Lukuledi. Lami nzuri, kilomita kama 140, na kazi ya siku hiyo ilikuwa kukaa tu juu ya tandiko. Mtama tulinunua ming'oko ya kuchemsha, imefungwa kwenye karatasi na chumvi pembeni. Asiyetoka kusini akiiona hudhani ni mizizi ya dawa. Unamenya kwa meno, unaendelea na safari.

Sehemu ya Mahiwa na Nyangao ukipita usipoambiwa huwezi kujua. Ni vijiji, mikorosho, watoto wa shule, kanisa. Oktoba 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, kwa siku nne, Waingereza na Wajerumani waliuana hapa, na wengi kati ya waliokufa hawakuwa Waingereza wala Wajerumani: walikuwa askari Waafrika wa pande zote mbili, na Wanigeria walioletwa kutoka upande mwingine kabisa wa bara. Tulizima pikipiki kwa dakika chache. Kulikuwa na mtu anapiga salfa kwenye mikorosho, pampu inanguruma mgongoni, vumbi la njano linapanda mpaka juu ya matawi na kuelea. Harufu ya salfa ndiyo harufu ya Agosti kwetu. Machozi yakatutoka wote wawili, na wala hatukuwa tunalia.

Baada ya Ndanda cheni ya binamu ikaanza kuruka meno. Tuliikaza mara mbili njiani, na kwa ajili hiyo Masasi tuliingia giza limeshashika, majabali ya mji yakionekana kama tembo waliolala. Kiwanja cha ndege cha Masasi sikukiona. Naandika hapa kwamba ni deni.

Jumanne: Nachingwea

Asubuhi fundi mmoja wa sokoni alimbadilishia binamu cheni na sproketi zote mbili, akakataa kubadilisha cheni peke yake. "Ukimwozesha kijana kwa bibi kizee, kijana atazeeka upesi," alisema. Tukamwelewa.

Masasi hadi Nachingwea ni kilomita kama 45. Vumbi tulilokula lingetosha kufyatua tofali. Nilimwambia binamu atangulie, kisha nikagundua kosa langu.

Nachingwea nilikuwa naingoja tangu Ijumaa. Mji mdogo, njia pana kuliko mahitaji yake, na uwanja wa ndege ambao ukiuona unajiuliza nani alikuwa anakuja. Jibu ni karanga. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 ikatuma ujumbe wa John Wakefield kutafuta mahali pa kulima karanga Tanganyika. Ujumbe ule ulizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege. Kuanzia mwaka 1947 wakaja na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa, wakashika Kongwa, Urambo na huku kwetu. Kwa ajili ya Nachingwea wakajenga reli kutoka Mtwara, wakaanza bandari ya Mtwara, wakatandaza uwanja huu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Zaidi ya pauni milioni 30 zikaenda na upepo. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960; leo unaweza kumpita mzee anayeikumbuka, lakini huwezi kuipanda.

Mimi kama mpenda ndege jambo lile linanihusu, na linaniuma kidogo. Ukiwa juu, kila kitu ni tambarare. Hata kichaka chenye mizizi ya kuvunja jembe kinaonekana kama zulia. Nimeona kwa macho yangu, kwenye kiti cha dirishani, jinsi mashamba yanavyoonekana mepesi. Wangepita na pikipiki wangejua mapema.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye baiskeli yake karibu na uwanja, mguu mmoja chini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmetumwa na serikali?"

"Hapana babu, tumekuja kutazama uwanja tu."

"Kutazama tu?" Akatupima juu mpaka chini. Kisha akatuambia kwamba yeye amezitazama ndege zinazoshuka hapa tangu akiwa mvulana, na akaanza kuzihesabu kwa vidole: za wazungu wa karanga, za serikali, na zile za wakati wa vita vya Msumbiji, ambazo hakutaka kuzieleza sana. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, Samora Machel akiwa kiongozi wao, na watu wa umri wa babu yule walizoea kuishi na jambo bila kulizungumza. Nilimuuliza ipi aliipenda kuliko zote. Alifikiri kwa muda mrefu.

"Ya daktari," akasema. "Ile ilikuwa inakuja kuchukua, sio kuleta."

Sikumuuliza zaidi. Tukanunua karanga za kukaanga sokoni, za kupimwa kwa kikombe, na kurudi Masasi nazo mfukoni.

Jumatano: Masasi hadi Newala

Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi ina kilomita 210, na wakati tunapita sehemu kubwa ya upande huu ilikuwa bado inajengwa. Mchepuko, magreda, mabango ya mishale, mchepuko ndani ya mchepuko. Tulivuka mto Mwiti, kisha njia ikaanza kupanda uwanda wa Makonde. Vumbi jekundu la uwandani ni laini kama unga wa sembe. Gurudumu la mbele linaelea, na ukishika breki umekwisha. Unalegeza mikono, unatazama mbali, unaongeza mafuta kidogo. Binamu, ambaye amebeba abiria miaka saba bila kuanguka, alianguka mara mbili kwa upole kabisa, kama mtu anayekaa chini.

Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na jioni ina baridi ambayo watu wa Mtwara tunaichukulia kama tusi. Tulikwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza. Huku ni karibu na mpaka, na mtu mwenye kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye mkeka ni vizuri ajieleze kabla hajaulizwa.

"Ni droni?" akauliza.

Nikamweleza kwamba droni ina kamera na injini na vibali vyake. Hiki ni boksi la samaki. Akamgeuza Kipanga, akamgonga kwa kucha, akaturuhusu, kwa sharti kwamba na yeye atakuja kutazama.

Jua lilipokuwa linazama tulisimama Shimo la Mungu. Ardhi inaishia miguuni mwako, na chini kabisa ni bonde la Ruvuma, moshi wa mashamba, na nyuma yake Msumbiji, buluu juu ya buluu. Hapo nikamsimulia binamu hadithi ninayoipenda kuliko zote za kusini, na naapa ni ya kweli.

Tarehe 21 Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto lao kubwa la hidrojeni, Zeppelin L 59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria. Urefu wake mita 226. Ndani limebeba tani kama 15 za risasi, dawa na vifaa, vya kumpelekea von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao Afrika Mashariki, ambaye wakati huo alikuwa amebanwa huku huku kwetu. Halikupangwa kurudi. Lingefika, lingechanwa: kitambaa kiwe mahema na bendeji, mbavu za chuma chepesi zijenge minara ya redio. Lilivuka bahari, likavuka jangwa la Misri, likafika Sudan, na huko likaitwa kwa redio lirudi, kwamba kule linakokwenda mambo yameharibika. Likageuka. Lilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757, bila kumfikishia mtu mzigo.

"Kwa hiyo halikufika," binamu akasema.

"Halikufika."

"Halafu wewe unalipenda."

Ndiyo. Kila nikisimama pale naliona linatokeza kaskazini, refu kuliko viwanja viwili vya mpira, kimya, na babu zangu wanaacha majembe.

Alhamisi: ukingoni

Saa mbili asubuhi tulikuwa ukingoni na mwenyekiti, watoto kama ishirini, na mama mmoja muuza maandazi aliyeiona fursa. Nilimwunga Kipanga, nikampima kwa vidole, nikakimbia hatua tano na kumwachia.

Alishuka kama jiwe lililofunikwa kitambaa. Watoto waliangua kicheko, mmoja akatumwa kwenda kumwokota kichakani mita ishirini chini.

Kosa halikuwa lake. Asubuhi kusi lilikuwa linatoka nyuma yetu, limevuka uwanda mzima, na likifika ukingoni linadondoka chini kama maji ya maporomoko. Ukirusha kitu hapo unakitia ndani ya maporomoko. Nililijua hilo, niliwahi hata kuwaeleza wengine, lakini watoto ishirini na mwenyekiti wamesimama, nani anaweza kusema ngojeni mpaka saa nane?

Tulingoja mpaka saa nane. Nikaziba ufa wa bawa kwa selotepu. Mwenyekiti alikwenda shughuli zake, watoto wakapungua, maandazi yakaisha. Bonde likawa linapata moto, na hewa ya moto haina pa kwenda isipokuwa juu, ikikwea ukuta wa uwanda. Niliijua kwanza usoni: upepo uligeuka, ukaanza kutoka mbele, vuguvugu, una harufu ya majani makavu ya bondeni. Kisha kipanga wa kweli akatokea chini yetu, mabawa wazi, hapigi hata mara moja, akapanda hadi usawa wa macho yetu, akatupita, akaendelea kwenda juu. Sikuhitaji cheti kingine.

Safari hii sikukimbia. Nilimwinua Kipanga wangu mbele ya uso, nikamsukuma taratibu, kama unavyomwachia mtoto wa baiskeli.

Alishuka kidogo, akashika hewa, akatulia. Akaanza duara lake la kushoto, pana, na kila alipomaliza duara alikuwa juu kuliko alipoanzia. Duara la tatu alikuwa juu ya vichwa vyetu. La tano ikabidi nizibe jua kwa mkono. Hakuna mlio. Hiyo ndiyo raha ambayo siwezi kumweleza mtu wa mpira: ulikata boksi kwa waya wa moto jikoni kwako, na sasa liko juu peke yake, halikuombi kitu. Binamu alikuwa anahesabu dakika kwenye simu. Nne. Tano. Dakika ya saba duara likavunjika, labda ile selotepu ilibanduka, akanyooka kuelekea bondeni, akawa mdogo kama njiwa, kama nzi, kama kitu unachodhani unakiona.

Tulikaa mpaka jua likazama. Watoto waliobaki wakabishana ameangukia kijiji gani. Wawili walisema Msumbiji.

Ijumaa: nyumbani

Newala, Tandahimba, vumbi. Kutoka Mnivata lami, kilomita 50 za mwisho, na Mwali akajinyoosha kama anayejua njia ya kwao. Mkeka ulikuwa mtupu ubavuni, unapiga-piga upepo. Saa kumi tulikuwa Mtwara.

Jioni binamu alikuja kuchukua pampu yake. Tumekaa barazani, tunamalizia karanga za Nachingwea, simu ya tochi ikaita. Namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima.

"Haloo. Wewe ndiye mwenye dude?"

"Shikamoo mama. Dude gani?"

"Marahaba. Dude jeupe, jepesi, limeandikwa namba hii. Jana limezunguka hapa kwangu bondeni, limezunguka wee, halafu likakaa juu ya paa la jiko. Sasa mwanangu, kuku wangu wote waliingia uvunguni na vifaranga vyao, na jogoo mpaka leo asubuhi hajatoka. Nani atanilipa mayai?"

Nikaiweka simu sauti ya nje, nikamsogezea binamu karibu na sikio.

"Samahani mama," nikasema, "hebu rudia hapo kwenye vifaranga."